Kiu ya Mposaji

Hyderabad, Sindh
9 Desemba 1990

Kwa mdogo wangu Sabhai, huko Bhitaro, mchangani.

Salaam kwako na kwa wote walioko uani, wenye miguu miwili na wenye minne. Mimi mzima. Goti la kushoto limekataa kazi, nimeliacha lifanye litakalo. Meno yamebaki matano na hayaelewani. Mke wa mwanangu bado anatia pilipili kama anayefukuza mwizi, nami namsifu kila siku, maana nikimkosoa ataacha kupika kabisa.

Barua yako imekaa njiani siku kumi na tisa. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kugandishwa tena kwa uji wa ngano. Ama watu wa posta wana njaa ya habari, ama ni huyo Mwalimu Juman anayekuandikia, ambaye akishamaliza hukumbuka la kuongeza. Mwambie namsalimu. Najua anakusomea hii kwa sauti, na hapa amekohoa.

Haya, tuje kwenye neno lenyewe. Umesema Hamir mwana wa Amnat amemposa binti yako Zulekhan, na kwa kuwa baba yake binti hayupo duniani, mimi mjomba ndiye wa kumchunguza kijana. Nikisema ndiyo, harusi ni baada ya Idi. Nikisema hapana, mtarudisha ile shali nyekundu ya posa na kila mtu ashike njia yake. Kazi umempa anayeiweza. Miaka thelathini na moja nilifungua na kufunga lango la reli, nikitazama nani anapita na nani. Darasa la pili sikulimaliza, lakini macho yangu yalimaliza yote.

Nimeshaanza. Kijana yuko hapa mjini kwenye karakana ya bangili, mbele ya tanuru, anakunja uzi wa kioo kwenye gurudumu ungali mwekundu. Mkabala kuna mgahawa wa chai. Nimepata kiti pale, najifanya nasoma gazeti. Siku ya kwanza nililishika juu chini, macho yangu yako karakanani, mwenye mgahawa ndiye aliyenigeuzia.

Sabhai, huyo bwana anakunywa! Ana mtungi wake peke yake, ameufunga kitambaa, hamwachii mtu. Haipiti nusu saa anauinua, anapiga mafundo kama ngamia, kisha anatoka mbio, anakata kona, haonekani. Anarudi, anainua tena. Mara kumi na nne kabla ya adhuhuri, na hapo mimi nilisinzia kidogo.

Mwenye mtungi wa siri ana siri. Nyinyi mlikaa naye ua mmoja mpaka ukame ulipowatawanya. Alikuwa hivi tangu utotoni? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Kaka yako,
Angaro


Bhitaro
6 Januari 1991

Kwa kaka yangu mpendwa Angaro,

Baada ya salamu nyingi, sisi hatujambo. Mbuzi mwekundu amezaa pacha. Kisima cha karibu kimeingia chumvi, sasa Zulekhan na wenzake wanakwenda kile cha mbali. Wanatoka alfajiri, wanarudi jua limeshapanda, mitungi miwili miwili kichwani. Shingo inamuuma lakini hasemi.

Tumefurahi kwamba umeanza kazi. Tunaomba utazame swala ya kijana, ulimi wake, na mkono wake kama ni mwepesi wa kupiga. Habari ya kunywa maji si neno la kulitia kwenye barua. Kila mtu hunywa maji. Utotoni alikuwa mtoto kama watoto wengine.

Amnat anakusalimu. Macho yake yako njiani kungoja jibu lako, na yangu vilevile.

Dada yako,
Sabhai
(kwa mkono wa Mwalimu Juman, ambaye hafungui bahasha za watu)


Hyderabad
14 Februari 1991

Sabhai, salaam. Mwambie Mwalimu sikumtaja yeye, nilitaja uji wa ngano. Hongereni kwa pacha wa mbuzi. Hapa tumepata baridi ya siku tatu, nikavaa makoti mawili, majirani wakadhani nahama.

Sasa kaa vizuri. Katika barua yangu niliandika kwamba Hamir anakunywa. Sikuandika anakunywa nini. Mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa na hakika ni gongo. Wewe, uliyeko safari ya siku mbili kutoka hapa, umejuaje kwamba ni maji?

Usijibu haraka. Soma kwanza.

Nilingoja atoke, nikaingia karakanani kuuliza bei ya bangili za mke nisiye naye, nikafungua ule mtungi nikaonja. Maji. Basi nikasema ana mke wa siri huko anakokimbilia. Nikamfuata. Alikwenda msikitini, mlango wa nyuma, chooni. Nikamshika mtunza choo.

"Unamjua huyu?"

"Nani asiyemjua? Choo hiki ni chake, sisi anatuazima."

"Anaumwa nini?"

"Mzee, mimi nachota maji, siulizi. Lakini tangu aje mtaa huu nimebadilisha birika mara tatu."

Ikabaki kisukari. Unakumbuka kipimo cha marehemu babu? Mkojo wenye sukari, sisimizi huujia. Siku moja choo cha msikiti kilifungwa, Hamir akajisitiri nyuma ya ukuta wa karakana. Alipoondoka nikavuta kibao, nikakaa pale kama mgeni rasmi. Ili nisimdhulumu mtu, nilimwaga pembeni kijiko cha chai yangu. Kwenye chai sisimizi walikuja ukoo mzima, na wazee wao. Kwa Hamir hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Na mkojo wenyewe hauna rangi, Sabhai. Ungeuweka kwenye gilasi ungemkaribisha mgeni.

Si pombe, si mke, si sukari. Kilichobaki ni tabia, yaani uroho tu. Na mimi sitaki binti yetu aolewe na uroho wa maji, akarudi naye huko kwenu jangwani Thar, akamalizika shingo akibeba kisima kizima kwa ajili ya koo la mtu mmoja. Ramadhani iko mlangoni. Mtu asiyeweza kuuzuia mdomo nusu saa, atauzuiaje kutwa? Hapo ndipo nitamjua.

Na jambo lingine. Amnat alikuwa na wavulana wawili kabla ya huyu. Walipokufa mimi nilikuwa langoni kwangu, nikaletewa habari kwamba ni homa. Homa gani?

Angaro


Bhitaro
8 Machi 1991

Kaka Angaro,

Salaam. Hatujambo.

Umetumwa kuchunguza tabia ya mtu, hukutumwa kulinda mkojo wake. Mwalimu alipofika sehemu ile aliomba chai mara mbili.

Wale watoto walikufa kwa homa. Mungu aliwaleta, Mungu akawachukua.

Kuhusu Ramadhani, mwache kijana na Mola wake. Usimuulize kama amefunga. Nakuomba, kaka. Sikuombi mambo mengi.

Sabhai


Hyderabad
3 Aprili 1991

Mdogo wangu Sabhai,

Salaam. Barua yako ya tarehe nane imenifikia tarehe ishirini na saba. Ingefika siku nne mapema nisingekuwa na haja ya kuandika hii.

Hamir yuko hospitali. Hajafa, kwa hiyo usianze kulia mbele ya Amnat.

Ilikuwa siku ya saba ya Ramadhani. Alifunga, akaenda tanurini kama kawaida. Saa nane mchana akaanza kuongea na watu ambao hawakuwepo, akamwita mama yake, akaanguka kando ya gurudumu. Ulimi ulikuwa kama kipande cha ngozi ya kiatu. Kwa nini alifunga siku hiyo, sijui. Mimi nilikuwa napita tu.

Tulimbeba kwa mkokoteni wa punda mpaka hospitali. Daktari ni mwanamke, mdogo, anaitwa Mehtab, ana sauti ya mkwe anayekudai.

"Wewe ni nani wake?"

"Karibu nitakuwa mjomba wake."

"Sawa, karibu mjomba. Nani amemnyima huyu maji?"

"Ni mwezi mtukufu, daktari."

"Mgonjwa ana ruhusa. Hata mtoto wa madrasa anajua. Mtu huyu akikosa maji kutwa moja kwenye joto, damu yake inageuka chumvi. Mmetaka kumzika na daku tumboni?"

Wakamtia maji ya sukari mshipani polepole, siku mbili, mpaka akatambua vidole vyake.

Alipopata nguvu wakampima, na mimi nilikaa pale pale, maana hawa watu siwaamini. Wakamzuia maji saa chache, muuguzi yuko pembeni, wanampima uzito kila saa. Nikamwambia daktari, "Mimi wa kumnyima ni mkosaji, wewe wa kumnyima ni msomi?" Akasema yeye anajua pa kusimama. Mkojo wakautia kwenye chupa, wakazipanga dirishani. Mimi na wewe tukikosa maji, mkojo unapungua, unageuka njano. Wake ulitoka ule ule, mweupe, mwingi, na huku yeye anasinyaa.

Daktari akanieleza hivi, nami nakupa nilivyoelewa. Mwili ukikosa maji, ubongo hutuma mjumbe kwa njia ya damu. Mjumbe huenda kwenye figo akapiga hodi: "Jamani, kiangazi, rudisheni maji ndani." Figo zikisikia hufungua vimlango vidogo, maji yanarudi mwilini, na kinachotoka ni kidogo. Sasa kuna watu ambao ubongo wao hautumi mjumbe. Hao hupewa mjumbe wa chupa, tone la puani, wakapata nafuu siku hiyo hiyo. Wakamtia Hamir tone hilo. Tukangoja. Chupa ya kwanza nyeupe. Ya pili nyeupe. Ya tatu ungeiweka juu ya gazeti ukasoma.

Nikasema, "Dawa yenu imeoza stoo."

"Mzee, dawa hiyo hiyo jana imemkausha mgonjwa wa kitanda cha tatu. Muulize."

Nikaenda nikamuuliza. Kweli.

Basi mjumbe wa Hamir yupo, tena damuni wamejaa tele, wanapiga hodi mpaka mikono inauma. Figo ndizo haziitiki. Kengele ya mlango wake ilizaliwa mbovu. Jina la ugonjwa ni refu, na ndani yake mna neno la kusema mkojo hauna ladha. Nikamwambia daktari hilo hata sisimizi walishanieleza. Akanitazama sana.

Halafu wakamletea kidonge. Nikamuuliza muuguzi, "Hiki cha nini?" Akasema, "Cha kukojoza." Sabhai, nilisimama wodi nzima ikageuka! Mtu anaangamia kwa kukojoa, mnampa cha kukojoza? Mnazima moto kwa mafuta ya taa? Daktari akaja akacheka, akasema kidonge kinatoa chumvi, na mwili ukipungukiwa chumvi, figo huanza kurudisha maji mapema, njiani, kabla hayajafika kwenye ule mlango mbovu. Na chakulani apunguziwe chumvi. Sikumwamini. Nilikaa nikihesabu chupa. Siku ya tano zilikuwa zimepungua karibu nusu. Bado simwamini, ila chupa naziamini.

Hataponywa, lakini ataishi, mradi asikose maji hata siku moja.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Daktari anasema ugonjwa huu hupita ndani ya wanawake karibu bila kuwagusa, ukawakamata wanaume. Amnat aliubeba bila kujua. Wavulana atakaowazaa Hamir watakuwa salama. Binti zake wataubeba, na baadhi ya wavulana wa binti hao watazaliwa na kiu hii. Mtoto mchanga wa namna hiyo hulowesha kila kitu, hulia, hupata homa. Akinyimwa maji hufa, na watu husema ameuawa na homa.

Akamuuliza Hamir, "Mna ndugu waliokufa?" Akasema wawili, kabla yake.

Nakuuliza mara ya tatu, Sabhai. Ulijua ni maji. Ulijua asifunge. Unajua nini kingine? Mpaka unijibu, jibu langu juu ya posa ni hapana.

Angaro


Bhitaro
21 Aprili 1991

Kaka Angaro,

Salaam, na Idi iliyopita iwe ya kheri kwako.

Kalamu hii si ya Mwalimu. Ni ya Zulekhan. Nimemwambia aandike kila neno, hata likimchoma.

Amnat alikuja kwetu akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, mama yake mbali. Mtoto wake wa kwanza alilowesha tandiko usiku na mchana. Aliniuliza mimi, mke mkubwa wa ua, afanye nini. Nikamwambia nilivyoambiwa na walionitangulia, kwamba anayekojoa sana anyimwe maji, akauke. Na maji yenyewe yalikuwa ya kubeba, kaka, unajua. Mtoto akakauka. Alilia siku tatu, siku ya nne hakulia. Tukasema homa.

Wa pili nao hivyo hivyo, na safari hii mimi mwenyewe ndiye niliyeficha kata ya kuchotea maji, maana Amnat moyo wake ulikuwa mwepesi.

Hamir alinusurika kwa sababu alitambaa mapema. Nilimkuta kwenye hori la mbuzi, kaingiza uso wote, anakunywa pamoja nao. Nikamtoa nikampiga. Akarudi. Nilimpiga kila siku mpaka nikachoka mimi, yeye hakuchoka. Baadaye niliona kwamba siku anazokunywa anacheka, na siku ninazomshinda anapata homa. Niliona, kaka, nikanyamaza. Kama ningesema maji yanamponya huyu, ningekuwa nimesema kilichowaua wale.

Alipoleta posa nilitaka harusi ipite upesi, nimpe binti yangu, iwe nimelipa na hakuna aliyeniuliza.

Juzi nimemwambia Amnat. Alikuwa anasaga mawele. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakuacha kusaga. Tangu siku hiyo hajavuka uani kwangu. Sijui kama atavuka tena, wala sina haki ya kumwita.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo.

Sabhai

Mjomba, sasa ni mimi Zulekhan. Mama amekwenda kuwafungia mbuzi, ninaandika ya kwangu.

Umesema hapana, nimeisoma. Lakini anayeolewa ni mimi, na mimi nasema ndiyo. Nitakaa huko huko mjini kwenye bomba, sitambebea mtu kisima. Nikizaa binti, na binti akazaa, nitakaa kwenye mlango wa chumba cha uzazi na kata mkononi, na atakayesema mtoto anyimwe maji nitamtoa nje hata kama ni mama yangu.

Nina swali moja. Mama yake Hamir alisema zamani kwamba mwanawe hajawahi kufunga, sheikh alimpa ruhusa tangu utotoni, na yeye huona haya, hujificha. Mwaka huu amefunga siku moja tu. Siku hiyo wewe ulikuwa unapita. Ulimwambia nini, mjomba?


Hyderabad
12 Mei 1991

Mwanangu Zulekhan,

Salaam. Msomee mama yako hii, au usimsomee, utaamua wewe. Naona maamuzi yamehamia kwako na yamepata nyumba nzuri.

Sikuwa napita.

Siku ya sita ya Ramadhani nilimfuma Hamir nyuma ya karakana, mtungi mdomoni. Nikamwambia mimi ni nani na nimetumwa nini. Nikamwambia, "Zulekhan hawezi kuolewa na mtu anayekunywa mchana wa Ramadhani. Funga siku moja tu, nikuone kwa macho yangu, niandike ndiyo." Akafungua mdomo kama anayetaka kunieleza jambo, akaona haya. Akaniuliza, "Moja tu, mzee?" Nikasema moja.

Kesho yake nilikaa kwenye kibaraza cha mgahawa uliofungwa tangu asubuhi, nikimlinda. Niliiona midomo inapasuka. Saa sita alikuja mpaka mlangoni akanitazama. Nikamwonyesha kidole hivi: bado. Akarudi ndani. Nami nilijipongeza, mwanangu. Nilisema moyoni, kumbe anaweza, kumbe ilikuwa uroho tu. Saa nane wakapiga kelele.

Yale aliyoyafanya mama yako aliambiwa na wakubwa. Mimi hakuna aliyeniambia.

Jana nimekwenda chumbani kwake kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, na la kuchekesha kidogo katikati. Nikasema tu, "Ni mimi niliyekaribia kukuua."

"Najua," akasema. "Si nilikuwepo?"

"Na hukumwambia daktari?"

"Angekufukuza wodini. Nani angehesabu chupa?"

"Sasa kwa nini ulikubali, wewe? Ulijua mwili wako."

"Nilijua nikinywa nimemkosa. Nikifunga, labda. Nikachukua labda."

Akauinua mtungi, ulikuwa mtupu. Akautikisa, akaniangalia, yule mwenye haya, akasema, "Haya, karibu mjomba. Bomba liko kona ya pili, kulia."

Nikauchukua, nikaenda. Nilipanga foleni nyuma ya wanawake watano, mwanamume peke yangu, mtungi begani. Mmoja akacheka akaniuliza, "Mzee wa watu, huna binti nyumbani?"

Nikamwambia ninaye, anaolewa.

Mjomba wako,
Angaro